Kabla ya Kuandika Saa 12: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Malengo ya Msimu wa Triathloni

Mwezi huu zimenifikia barua tatu zinazouliza jambo moja kwa njia tofauti, nazo zimetoka kwa wasomaji wa Moshi, Arusha na Usa River wanaojiandaa kwa triathloni ya masafa marefu. Kwa msomaji ambaye mchezo huu ni mgeni kwake, mshindani wa triathloni huogelea, huendesha baiskeli, kisha hukimbia, na saa haisimami hata anapobadilisha viatu. Umbali kamili ni kilomita 3.8 za kuogelea, 180 za baiskeli na 42.2 za kukimbia. Nusu yake ni 1.9, 90 na 21.1.

SWALI

Kocha, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Moshi, nina umri wa miaka 38 na watoto wawili. Muda wangu bora wa nusu marathoni ni saa 2 na dakika 8. Nilijifunza kuogelea nikiwa mtu mzima, na sasa ninamaliza mita 1,000 katika bwawa la mita 25 kwa dakika 29. Nina baiskeli ya mtumba ya barabarani, na safari yangu ndefu ni kutoka Moshi hadi Boma Ng'ombe na kurudi, takribani kilomita 50, ambazo huzimaliza kwa saa 2 na dakika 10. Kwa wiki ninapata saa saba za mazoezi, na nikijibana sana, nane. Msimu ujao ninataka kushiriki nusu ya Rubavu, Rwanda, mwezi Agosti, halafu umbali kamili nchini Afrika Kusini, nimalize chini ya saa 12, na ikiwezekana nifuzu kwenda Hawaii kwenye mashindano ya dunia ya Ironman, ambayo ni triathloni ya umbali kamili. Wenzangu wanasema ninaota. Je, nipange malengo yapi?

JIBU

Marahaba, Mwalimu, na hongera kwa kujifunza kuogelea ukubwani, kwa kuwa watu wengi wenye miguu ya kukimbia mwaka mzima wamekwama hapo hapo. Umefanya jema pia kuniandikia takwimu zako, maana lengo la kuaminika hutokana na mambo mawili tu: kile ambacho mwili wako umekwisha kukifanya, na saa ulizo nazo kwa wiki.

Tuanze na hizo saa 12. Tuseme unaogelea kilomita 3.8 kwa saa 1 na dakika 20, unatumia dakika 15 kubadilisha mavazi mara mbili, unaendesha baiskeli kwa saa 6 na dakika 10, na unakimbia marathoni kwa saa 4 na dakika 15. Jumla ni saa 12 kamili. Ili baiskeli iishe kwa muda huo, lazima uende kwa wastani wa kilomita 29 kwa saa kwa zaidi ya saa sita, ilhali safari yako ya Boma Ng'ombe ni ya kilomita 23 kwa saa kwa muda wa saa mbili. Marathoni ya saa 4 na dakika 15 ni mwendo wa dakika 6 na sekunde 3 kwa kila kilomita. Nusu marathoni yako bora kuliko zote ni dakika 6 na sekunde 4. Kwa hiyo lengo hilo linakudai ukimbie kilomita 42, ukiwa umeshuka kwenye baiskeli ya kilomita 180, kwa mwendo ambao hadi leo umeumudu kwa kilomita 21 ukiwa umelala vizuri na hujachoka.

Inafaa ukumbuke pia kwamba mashindano ya kwanza ya Ironman, yaliyofanyika katika kisiwa cha Oahu, Hawaii, mwaka 1978, yalianza na watu 15, wakamaliza 12, na mshindi wao, Gordon Haller, alitumia saa 11 na dakika 46. Vifaa na mbinu za mazoezi vimebadilika sana tangu siku hiyo, lakini saa 12 bado si muda wa mtu anayeanza.

Kuhusu kufuzu kwenda Hawaii, ninakushauri uliondoe kabisa katika malengo ya msimu huu. Nafasi hizo hupewa wanaofanya vizuri zaidi kwa kulinganishwa na washindani wa jinsia na umri wao, na wewe huwezi kuamua ni nani atakayejitokeza siku hiyo, amejiandaa kwa miaka mingapi, wala ameamka na afya gani. Unaweza kufanya kila kitu sawasawa na bado ukakosa. Lengo la msimu linapaswa kuwa jambo ambalo ukilitimiza au ukishindwa, utajua ni kazi gani iliyofanyika au iliyoachwa.

Sasa tuje kwenye nusu ya Rubavu, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayostahili kuubeba msimu wako wote. Mwendo wako wa bwawani ni takribani dakika 2 na sekunde 54 kwa kila mita 100, na ukiudumisha utamaliza mita 1,900 kwa dakika 55. Hata hivyo, katika bwawa la mita 25 unafika ukutani kila baada ya muda mfupi, unasukuma kwa miguu na kuteleza mita kadhaa bila kazi ya mikono. Katika mita 1,000 umefanya hivyo mara 39. Ziwani hakuna ukuta, hakuna mstari mweusi chini yako, na inabidi uinue kichwa mara kwa mara kutafuta boya, jambo linaloshusha nyonga na kupunguza kasi. Ongeza dakika tano hadi saba, useme saa 1. Mashindano mengi ya nusu hufunga kuogelea kwenye saa 1 na dakika 10, kwa hiyo nafasi unayo, ingawa si ya kuchezea.

Baiskeli ya kilomita 90 kwa kasi yako ya sasa itachukua saa 3 na dakika 55. Ukijumlisha kuogelea na dakika 8 za kubadilisha, utarudi na baiskeli saa 5 na dakika 3 baada ya kuanza, wakati kikomo cha kawaida ni saa 5 na dakika 30. Umebakiwa na dakika 27, na hapo sijahesabu mlima, upepo wala tairi kupasuka. Hapa ndipo msimu wako ulipo, Mwalimu. Watu hupenda kuongeza kasi katika mchezo wanaoupenda, nawe bila shaka unapenda kukimbia, lakini hatari yako ya kuondolewa mashindanoni iko kwenye baiskeli.

Kukimbia nimekukadiria saa 2 na dakika 35, pamoja na dakika 4 za kubadilisha viatu. Jumla inakuwa saa 7 na dakika 42, dhidi ya kikomo ambacho kwa kawaida ni saa 8 na dakika 30. Kwa hiyo lengo lako la kwanza liwe kumaliza ndani ya muda wa mashindano, na la pili, ambalo utalitaja mwezi Julai na si sasa, liwe kati ya saa 7 na dakika 15 na saa 7 na dakika 40. Kumbuka kwamba uso wa Ziwa Kivu, mtakakoogelea, uko takribani mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, ilhali mji wa Moshi uko chini ya mita 1,000. Hewa ya Rubavu itakuwa nyepesi kuliko ya nyumbani kwako, na mwendo unaouona rahisi kwenye barabara ya kiwanda cha sukari cha TPC utakuchosha mapema zaidi kule. Mazoezi ya Jumamosi kadhaa upande wa Himo kupanda Marangu yatakusaidia kwa milima na kwa hewa kwa pamoja.

Saa saba kwa wiki zinatosha kwa nusu, endapo hazitapotea. Hazitoshi kwa umbali kamili, ambao kwa uzoefu wa makocha wengi huhitaji saa 10 hadi 14 katika wiki za kilele, na ndiyo sababu ninakuomba uiahirishe Afrika Kusini hadi msimu utakaofuata. Kalenda ya shule inakupa jambo ambalo wafanyakazi wengi hawana: likizo ya mwezi Juni. Ipange msimu kuizunguka hiyo likizo. Miezi ya masika, Machi hadi Mei, barabara ya Moshi–Arusha huwa na utelezi na malori hayaoni vizuri, kwa hiyo hapo weka nguvu kwenye bwawa, mazoezi ya viungo na kukimbia, na baiskeli uiendeshe asubuhi zilizo kavu tu. Juni ikifika, mvua imekwisha na wanafunzi wako wako makwao. Panda hadi saa 10 kwa wiki kwa wiki tatu, kisha wiki ya nne ushuke hadi saa tano ili mwili upate nafasi ya kujijenga.

Ndani ya mpango huo weka vituo vinavyopimika. Mwisho wa Machi uwe unaogelea mita 2,000 bila kusimama chini ya saa 1. Mwisho wa Mei uwe umeendesha kilomita 75 kwa siku moja. Katikati ya Julai endesha kilomita 90 kamili, halafu papo hapo uvae viatu na ukimbie kilomita 5 kwa dakika 7 kila moja. Siku hiyo ya Julai ndiyo itakayokuambia lengo lako la pili ni lipi, maana itakuwa imepima miguu, tumbo na baiskeli kwa pamoja. Ikiwa kilomita 90 zitachukua saa 3 na dakika 40 na bado ukakimbia vizuri, andika saa 7 na dakika 20. Ikiwa zitachukua saa 4, rudi kwenye lengo la kumaliza, na usilionee haya.

Kuna malengo mengine madogo ambayo hayaandikwi kwenye matokeo, lakini huokoa dakika nyingi kuliko mwezi wa mazoezi ya kasi. Moja ni kubadilisha tyubu ya tairi la nyuma ndani ya dakika 10, kuanzia kulegeza gurudumu hadi mnyororo kurudi kwenye gia. Fanya nyumbani, mikono ikiwa na grisi, hadi uache kufikiri ni upande gani mnyororo unapita. Jingine ni kula ukiwa juu ya baiskeli. Lenga takribani gramu 60 za wanga kwa saa, ambazo unaweza kuzipata katika ndizi mbivu mbili za wastani na chupa ya maji yenye vijiko vinne vya chai vya sukari na chumvi kidogo. Tumbo nalo hufundishwa, kwa hiyo usiingoje siku ya mashindano ndipo ujue kama linakubali.

Kuhusu maji ya wazi, mwogeleaji wa bwawani anapaswa kuingia ziwani mara kadhaa kabla ya mashindano, lakini kamwe asiingie peke yake. Bwawa la Nyumba ya Mungu, kusini mwa Moshi, lina mamba na viboko, kwa hiyo usilifikirie. Popote pengine uliza kwanza wenyeji na wasimamizi wa eneo, uulize pia kuhusu kichocho, na uwe na mtu kwenye mtumbwi au mwogeleaji hodari kando yako.

Wenzako wanaosema unaota wamekosea kuhusu ndoto na wamepatia kuhusu kalenda. Alphonce Simbu, ambaye amefanya mazoezi yake mengi huku kwetu Arusha, alikuwa wa tano katika marathoni ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016, akapata medali ya shaba ya dunia London mwaka 2017, na dhahabu ya dunia akaipata Tokyo mwezi Septemba 2025. Kati ya shaba na dhahabu ilipita miaka minane, na katikati yake kulikuwa na nafasi ya saba katika Olimpiki moja na ya 17 katika nyingine. Umbali kamili unaweza kuwa lengo lako halali la msimu wa pili, na saa 12 za msimu wa nne au wa tano, iwapo watoto watakuwa wamekua na saa saba zimekuwa kumi na mbili.

SWALI

Habari za kazi, Kocha. Mimi ni dereva mwongoza watalii, ninaishi Sakina, Arusha. Kuanzia Juni hadi Oktoba, na tena Desemba hadi Februari, niko porini siku saba au kumi kwa kila safari. Nimewahi kumaliza nusu kwa saa 6 na dakika 20: kuogelea dakika 42, baiskeli saa 2 na dakika 58, kukimbia saa 2 na dakika 31, na dakika 9 za kubadilisha. Nusu marathoni peke yake ninaikimbia kwa saa 1 na dakika 45. Ninataka kushuka hadi saa 5 na dakika 30 na kushiriki mashindano matatu kwa mwaka. Inawezekana?

JIBU

Ndugu yangu, mashindano matatu hayawezekani kwa kazi yako, na ningependa uyaache bila majuto. Shindano moja kuu liwe mwanzoni mwa Juni, baada ya majuma yako matupu ya masika. Ukitaka la pili, liwe Novemba, nalo ulichukulie kama siku ya mazoezi yenye namba kifuani.

Takwimu zako zinaonyesha tatizo waziwazi. Umeendesha baiskeli kwa kilomita 30 kwa saa, kisha umekimbia kwa saa 2 na dakika 31 wakati uwezo wako ni saa 1 na dakika 45. Tofauti ya dakika 46 ni kubwa mno, na mara nyingi husababishwa na kuendesha kwa nguvu kupita kiasi au kula kidogo mno, na aghalabu yote mawili. Lengo lako la msimu huu lisitaje jumla. Liseme hivi: nitaendesha kwa saa 3 na dakika 5, nikiwa ninaweza kuzungumza sentensi nzima bila kuhema, na nitakimbia chini ya saa 2 na dakika 10. Kwa hesabu hiyo, hata bila kuboresha kuogelea, utamaliza kwa saa 6 na dakika 6. Ukipunguza dakika nne bwawani na kukimbia kwa saa 2 kamili, umeingia chini ya saa 5 na dakika 55. Saa 5 na dakika 30 zingekudai upunguze dakika 50 nzima, na wewe una miezi minne tu isiyo na safari kwa mwaka.

Mvua za Aprili zikizidi, iweke baiskeli juu ya stendi ya mazoezi ndani ya nyumba. Miezi ya safari lengo liwe kulinda ulichonacho, na hilo halidai muda mwingi. Uwezo wa moyo na mapafu hudumu kwa majuma kadhaa hata mazoezi yakipungua sana, mradi machache yanayobaki yawe makali. Mara mbili kwa wiki, dakika 25, ndani ya kambi: ruka kamba dakika mbili kwa nguvu, pumzika dakika mbili, rudia mara sita. Funga mpira wa kunyumbuka kwenye bampa ya gari na uvute kwa mwendo ule ule wa mkono wa kuogelea. Kukimbia nje ya kambi hifadhini, wewe unajua kuliko mimi kwa nini haifai.

Jambo moja zaidi: Arusha iko takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na ina baridi kuanzia Juni. Ukichagua mashindano ya pwani, hewa itakuwa nzito na nzuri kwa mapafu, lakini joto na unyevu vitakushika. Mwili huhitaji kati ya siku saba na kumi na nne kuzoea joto. Kama kazi haikuruhusu kufika mapema hivyo, punguza mwendo wa kukimbia tangu kilomita ya kwanza, na uandike lengo la muda lenye dakika 15 za ziada.

SWALI

Shikamoo Kocha. Niko Usa River, na nimebakiza wiki tano kabla ya nusu yangu ya kwanza. Nimetoka kuugua malaria, na sasa ninamalizia dozi. Je, nibadilishe lengo au niongeze mazoezi kufidia wiki mbili nilizopoteza?

JIBU

Marahaba, na pole sana. Usifidie hata siku moja. Malaria huharibu chembe nyekundu za damu, ambazo ndizo zinazobeba oksijeni kwenda kwenye misuli, kwa hiyo maliza dozi, kisha umwombe daktari akupime wingi wa damu kabla hujarudi kwenye mazoezi ya kuhema. Wiki ya kwanza tembea na uendeshe baiskeli polepole, si zaidi ya dakika 40. Ya pili, ikiwa usingizi na hamu ya kula vimerudi na mapigo ya moyo unapoamka yako kama kabla ya kuugua, ongeza hadi saa moja na nusu.

Lengo la muda lifute leo. Linalobaki ni kumaliza kabla ya kikomo, nalo pia lina sharti: wiki mbili kabla ya mashindano uwe umeendesha saa tatu kwa utulivu na siku iliyofuata ukaamka bila homa wala uchovu usio wa kawaida. Ukishindwa hilo, waandikie waandaaji mapema uulize kama wanaruhusu kuahirisha ushiriki hadi mwaka ujao, kwa sababu baadhi yao huruhusu, lakini huweka tarehe ya mwisho ya kuomba, na mara nyingi tarehe hiyo hufika kabla ya wiki ya mashindano.